Kati ya Tana na Athi

Kenya ina mito miwili mirefu kuliko yote, Tana na Athi, na Kaunti ya Kitui imelala katikati yake. Tana unaipita upande wa kaskazini, ukazunguka Garissa na kushuka hadi Kipini. Athi unaipita upande wa magharibi, ukapokea maji ya Tsavo na kugeuka Galana, kisha ukaitwa Sabaki unapoingia baharini karibu na Malindi. Baina ya mito hiyo kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 za udongo mwekundu, vilima vya mawe na vijito vya mchanga, na watu 1,136,187 kwa hesabu ya mwaka 2019. Mvua zikikatika, wengi wao huyatafuta maji chini ya mchanga kwa jembe na kata.

Nilikwenda huko mwisho wa kiangazi, Septemba ikiingia Oktoba, wakati mashamba yamekauka na kila mtu anatazama mawingu ya vuli. Nilitaka kufuata njia ya maji: nianzie Tana, nipite Matinyani, kisha nishuke hadi Athi upande wa Makueni. Mimi ni mtu wa Mombasa. Maji niliyoyanywa utotoni yalitoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, kwa bomba la kilomita 220 hivi lililojengwa miaka ya 1950, na shuleni hatukufundishwa kuuliza bomba hilo linapita milangoni mwa nani. Swali hilo nilikwenda nalo Ukambani, nchi ya Wakamba.

Masinga

Bwawa la Masinga halijitangazi. Unapita vichaka vya migunga, mbuzi wakisimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya mwisho, unapanda kilima kidogo, na ghafla nchi inafunguka: maji ya buluu yaliyochanganyika na kahawia hadi upeo wa macho. Lilimalizwa mwaka 1981. Likijaa hutanda kilomita za mraba 120 na kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Ndilo ghala la mabwawa yaliyo chini yake, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambayo kwa pamoja yameiwashia Kenya taa kwa miongo mingi.

Kando ya maji nilikula perege wa kukaanga kwa ugali na sukuma wiki, nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mvuvi aliyenikaangia samaki alinyosha kidole ukingoni, kwenye mkanda mpana wa udongo mtupu usioota kitu, uliochora mahali maji yalipofika mwaka wa neema. Wavuvi husoma mkanda huo kila asubuhi. Wahandisi nao wana kipimo chao: bwawa likijaa, maji huwa mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka hadi mita 1,037 mitambo ya umeme haina budi kusimama. Ilisimama mwaka 2009. Kisha mwaka 2024, Aprili na Mei, bwawa lilifurika likamwaga, na watu wa Garissa na Tana River wakahama makwao usiku. Mto ni ule ule mmoja, na watu wanaoumia ni wa chini daima, uwe umekauka au umefura.

Maji hayo yanatoka Milima ya Aberdare na Mlima Kenya, lakini si yote yanayotoka huko yanafika Masinga. Juu kabisa, katika Kaunti ya Murang'a, kuna bwawa la Ndakaini, lililomalizwa mwaka 1994 kwenye Mto Thika, ambao ni mtoto wa Tana. Linashika mita za ujazo milioni 70, na sehemu kubwa mno ya maji ya Nairobi hutoka hapo. Juu ya hayo kumechimbwa handaki la kilomita 11.8 chini ya milima, lichote maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta Ndakaini. Lakini Nairobi yenyewe haiko kwenye bonde la Tana. Iko bonde la Athi. Maji yanavushwa kutoka bonde moja hadi jingine, yananywewa, yanafulia, yanasukuma vyoo, na yakimaliza kazi hiyo hayarudi Tana. Yanashuka na Mto Nairobi hadi Athi. Niliyaweka moyoni hayo, nikijua nitakutana nayo tena chini.

Upande huu wa Tana ndiko alikofikia Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka 1851, akisafiri na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aliyejulikana hadi Mombasa. Karibu na mto walivamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake porini. Kiu ilipomzidi aliufikia mto, akanywa, kisha akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na vipande vya nguo. Kwa maji hayo alitembea kurudi kwa watu. Nilimsimulia mvuvi habari hiyo. Alitikisa kichwa akasema kwamba hata leo, ukiuacha mto huu mwendo wa nusu siku tu, utatamani hata mtutu wa bunduki.

Kitui

Mji wa Kitui umekaa juu, katikati ya vilima, na jioni hupata upepo mzuri ambao mtu wa pwani hautarajii. Kutoka huku, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf huyo huyo akiwa mgeni wa Kivoi aliuona Mlima Kenya na theluji yake, na wasomi wa Ulaya wakamkatalia kwa miaka. Wakamba walikuwa wakiuona kila alfajiri iliyo safi.

Uzuri wa kukaa juu ndio ugumu wa maji yake. Kitui hutegemea bomba la kutoka Masinga, na bwawa liko chini kuliko mji. Maji hayawezi kuja yenyewe. Lazima yasafishwe, yasukumwe kwa pampu, yapande. Kila tone lina bili ya umeme ndani yake. Mto unaozungusha mitambo ya umeme kwa nchi nzima ndio huo huo ambao Kitui inalipia umeme ili iupandishe nyumbani. Bei ya umeme ikipanda au pampu ikiharibika, mji hurudi kwenye mitungi na mikokoteni. Katika vichochoro vya sokoni niliwaona vijana wakisukuma mikokoteni yenye mitungi ya manjano ya lita 20, matairi yakilia kwa uzito, na wenye hoteli wakiwaita kwa majina.

Nilikula muthokoi hapo, mahindi yaliyokobolewa kwenye kinu hadi ganda likatoka, yakachemshwa na maharagwe hadi kulainika, yakakaangwa kidogo kwa vitunguu. Ni chakula cha watu waliojua njaa na wakajipanga: mahindi yakishakobolewa na kuanikwa hukaa muda mrefu bila kuharibika. Mama mwenye hoteli alinieleza kwamba kukoboa kwenyewe kunahitaji kunyunyizia maji, kisha kuosha, kisha kuchemsha kwa saa nyingi. Wakati wa shida, alisema, watu hula isyo, mahindi na maganda yake, kwa sababu maji ya kukobolea hayapo.

Matinyani

Matinyani iko kaskazini magharibi mwa mji wa Kitui, upande wa Kabati, katika eneo la Kitui Magharibi. Ni soko la maduka ya mawe na mabati, miembe mikubwa, makanisa, na mashamba yaliyokatwa matuta. Matuta hayo ndiyo yalinisimamisha kwanza. Kila mteremko umechorwa mistari inayofuata umbo la kilima, mtaro na ukingo, mtaro na ukingo, udongo ukitupwa upande wa juu. Wenyewe huyaita fanya juu, na jina hilo limesafiri hadi vitabu vya kilimo vya nchi za mbali. Mvua ikinyesha, maji yanasimama kwenye mtaro yakanywewa na ardhi, hayakimbii na udongo wa shamba. Kwenye kingo hupandwa nyasi za ng'ombe, na shambani mbaazi hubaki kijani hata mahindi yakishakuwa mabua.

Nilikaribishwa katika boma moja karibu na soko, na kesho yake alfajiri nilifuatana na mama wa nyumba kwenda mtoni. Tulitoka giza bado, punda wawili mbele, kila mmoja na mitungi minne. Njiani tulikutana na wengine, na kila mtu alisimama kusalimu kwa utaratibu: kwanza hali ya nyumbani, kisha watoto, kisha mifugo, ndipo habari ya maji. Mto wenyewe ni mto wa mchanga. Kwa miezi mingi ya mwaka hauna tone juu yake. Ni barabara pana nyeupe inayopinda kati ya kingo za udongo, na nyayo za mbuzi zimeijaza. Hatimaye vijito vya upande huu huungana kuufuata Mto Tiva, nao Tiva hushuka kuelekea nyika ya Tsavo Mashariki na kupotelea huko kabla ya kufika Tana isipokuwa mwaka wa mafuriko.

Mama alichagua mahali, akapiga magoti, akaanza kuchimba. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu. Chini ya kiwiko ukawa na unyevu, kisha ukawa mzito, kisha shimo likaanza kujaa polepole kutoka pembeni, maji meupe kama maziwa yaliyozimuliwa, yakatulia yakawa safi. Alichota kwa kata kipande kipande, bila haraka. Mtungi mmoja ulichukua muda mrefu hata jua likatoka. Ukichota kwa pupa, shimo linabomoka.

"Mama, mnachimba hapa tangu lini?" nilimuuliza.

"Mama yangu alichimba hapa, na mama yake," alisema. "Zamani, mwezi kama huu tulichimba mpaka mtu akiingia shimoni haonekani kichwa. Tangu tujenge ukuta kule chini, unaona mwenyewe, ni mkono tu."

Ukuta aliousema tulikwenda kuutazama mitungi ilipojaa. Ni bwawa la mchanga: ukuta wa mawe na saruji uliokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo, ukiwa umekalia mwamba chini, kimo chake kimo cha mtu. Mgeni akiusikia huo mpango huona wenzake wamepotea njia, maana nyuma ya ukuta hakuna ziwa. Kuna mchanga umejaa hadi juu. Na hiyo ndiyo kazi yake. Mto unapofurika kwa saa chache, maji yanakuja na mchanga mzito na tope jepesi. Tope linapita juu ya ukuta na kwenda zake, mchanga mzito unabaki. Baada ya misimu michache nyuma ya ukuta panajaa mchanga, na ndani yake, katikati ya chembe na chembe, maji yanakaa, robo hadi theluthi ya ujazo wote. Jua haliyafikii yakishashuka kina cha mkono. Mbu hapati pa kutagia. Mchanga wenyewe unayachuja. Tena kingo za mto zinashiba, hivyo visima vya kando na miti ya matunda vinapata uhai. Ukijenga kuta kadhaa kwenye mto mmoja, moja chini ya nyingine, bonde zima linabadilika rangi.

Fikra hii si ngeni Ukambani. Maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni walijenga kuta za namna hii miaka ya 1950, na nyingine zingali zimesimama. Lakini zilizoenea ni zile za wananchi. Mwaka 1978, upande wa Machakos, Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni kilichokuja kujenga mabwawa mengi hadi Makueni. Kitui, shirika la SASOL tangu miaka ya 1990 limejenga na wanavijiji mamia ya kuta hizo. Nasema na wanavijiji kwa sababu bila wao hakuna ukuta. Saruji na chuma hutoka kwa mfadhili. Mawe, mchanga, maji ya kukorogea na mikono hutoka kwa mwethya, kikundi cha kazi cha ujirani ambacho Wakamba wamekuwa nacho kabla ya serikali yoyote. Mwethya hulima shamba la mgonjwa, hujenga nyumba ya mjane, huchimba matuta, na huziba mto. Wengi niliowakuta ni wanawake, na hawaachi mikono yao bure hata wakipumzika: akikaa chini ya mwembe, kiondo kinatoka mkobani na uzi wa mkonge unaendelea.

Jioni tulirudi sokoni. Mfereji wa umma ulikuwa mkavu, mitungi imepangwa mstari mrefu mbele yake, kila mmoja na alama ya mwenyewe, kipande cha kitambaa au rangi. Wenye mitungi walikuwa wamekwenda kufanya mambo mengine. Mitungi iliwashikia zamu. Hakuna aliyeiba nafasi ya mwenziwe. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia kwamba maji yakija usiku, habari hupita kwa simu nyumba hadi nyumba, na soko linaamka lote.

Jambo jingine niliambiwa hapo, na kwa hasira. Mchanga ule ule unaohifadhi maji una thamani Nairobi. Magorofa yanapanda, na lori za mchanga zimekuwa zikiingia mitoni usiku. Lori likiondoka limebeba pamoja na mchanga maji ya miezi ya watu, maana mto uliokombwa hadi mwamba hauna pa kuyaweka. Kitui ilitunga sheria ya kulinda mchanga wa mito yake mwaka 2013, na Makueni ikatunga ya kwake mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Sheria zimesaidia, lakini mto ni mrefu na usiku ni mrefu. Wanaoulinda kweli ni wale wenye mashimo ya kuchotea.

Mutomo na Ikutha

Kusini mwa Kitui ardhi inashuka, joto linapanda, na mibuyu inaanza. Kwanza mmoja mmoja, kisha kila upande, minene, isiyo na jani hata moja, gome lake limechunwa chini ambapo watu huchukua nyuzi za kusokotea. Huku mvua ni haba kuliko Matinyani, na visima virefu vingi vinatoa maji ya chumvi ambayo hata ng'ombe huyanusa na kusita.

Kwa hiyo watu wa Mutomo waligeukia mawe. Vilima vyao ni miamba mitupu iliyochomoza ardhini, laini, mipana. Kwenye miamba hiyo wamejenga vikingo vifupi vya zege vinavyozunguka mlima kama mshipi, na mvua ikipiga mwamba, maji yote yanafuata kikingo hadi kwenye bwawa dogo lililojengwa kwenye mkunjo wa jiwe. Toka hapo bomba linashuka kwa mteremko hadi mfereji chini, bila pampu, bila umeme, bila bili. Dayosisi ya Kikatoliki ya Kitui ilisaidia kujenga mengi ya mabwawa haya. Nilipanda kwenye mmoja wa miamba hiyo peku, jiwe likiwa moto tayari saa tatu asubuhi, na juu yake niliona jinsi lilivyofagiwa safi. Kamati ya wanakijiji huufagia mwamba kabla ya mvua ya kwanza, na hairuhusu mbuzi kupanda.

Baada ya Ikutha barabara inapanda Yatta, uwanda mrefu ulionyooka kwa mbali kama ukuta. Ni mto wa lava uliotiririka zamani sana na kuganda, karibu kilomita 300, miongoni mwa mirefu duniani. Chini yake upande wa pili ndipo unapita Athi.

Nilisimama darajani. Baada ya siku za mchanga mkavu, kuona maji mengi yanatembea kulinitia furaha ya ghafla, na furaha hiyo haikudumu. Maji yalikuwa ya kijani cheusi, na penye mawe yalitoa povu lililokaa bila kupasuka. Kando yake kulikuwa na mashamba ya nyanya, matikiti na bamia yaliyomwagiliwa kwa pampu ndogo za petroli, mimea yenye afya, watu wakifanya kazi kwa bidii. Mkulima mmoja alinieleza kwamba mvua ya kwanza ikinyesha Nairobi, mto huja mweusi kabisa na kunuka, na siku hizo hawachoti. Siku nyingine? Wengine huyachemsha, wengine hutia dawa, wengine hunywa tu.

Hapo nilikutana tena na maji ya Ndakaini.

Kibwezi na Makindu

Kibwezi ni kijani. Mtu akitoka Ikutha haamini. Siri yake ni Milima ya Chyulu iliyo nyuma yake, milima michanga ya volkano isiyo na mto hata mmoja juu yake, kwa sababu mvua yote inazama kwenye mawe yenye matundu, inasafiri chini kwa chini, na kutoka tena kama chemchemi: Umani hapa Kibwezi, nyingine Makindu, na kubwa kuliko zote Mzima, upande wa pili. Nilikunywa maji ya Umani kwa viganja. Yana ubaridi ule ule nilioujua utotoni.

Watu wa Makueni wanaishi mlangoni pa maji haya, na bado vijiji vingi vya kaunti yao hufuata maji mbali kwa punda. Bomba la Mzima linaelekea Mombasa. Bomba la Nolturesh, kutoka chini ya Kilimanjaro, linapita kando ya barabara kuu kuelekea Machakos na Athi River. Mtu wa hapa hujua kelele ya maji yanayompita chini ya miguu kwenda kwa wengine. Sisemi Mombasa ikatiwe maji; ni mji wangu, nao hauna mto. Nasema aliye kwenye chanzo anywe kwanza, kisha wengine, na hilo liandikwe katika mkataba wa bomba kabla udongo haujafukuliwa.

Makindu nilipumzika kwenye hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli. Kila msafiri hulishwa hapo, wa dini yoyote, bila kulipa: chapati, dengu, chai ya maziwa, na maji baridi kwa wingi. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa. Dereva wa lori la masafa marefu aliyekaa karibu nami alisema hajawahi kupita bila kusimama.

Wote na Thwake

Kutoka Wote, makao makuu ya Makueni, barabara inakwenda mashariki kupitia Kathonzweni na Mavindini, katika mashamba ya maembe. Mwishoni ardhi inakatika, na bonde linafunguka pale Mto Thwake unapoungana na Athi. Chini kidogo ya makutano hayo limejengwa bwawa la Thwake, Makueni upande mmoja na Kitui upande wa pili. Kazi ilizinduliwa mwaka 2018, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na mjenzi kutoka China, Gezhouba, ikatarajiwa kwisha mwaka 2022. Mwaka huo ulipita kazi haijakwisha. Kimo cha tuta ni mita 80.5, na litashika mita za ujazo milioni 688. Mpango wake ni kuwapa maji watu wapatao milioni 1.3 wa Makueni na Kitui pamoja na mji mpya wa Konza, kuzalisha megawati 20 za umeme, na baadaye kumwagilia hadi hekta 40,000.

Nilipolitazama tuta lile, mlima wa mawe uliowekwa na watu, moyo ulipanda. Hakuna kitu kikubwa namna hii kilichowahi kujengwa kwa ajili ya kiu ya Ukambani. Mzee mmoja wa Mavindini, aliyesimama nami akiegemea mkongojo, alisema familia zilihama mashamba ya babu zao ili bwawa lipate nafasi, na walihama kwa sababu waliambiwa maji yatakuja. Kisha akasema jambo ambalo nimelisikia kila kituo cha sehemu hii ya safari: "Lakini ni maji gani?"

Maana kinachoingia Thwake ni Athi, na Athi umepita Nairobi. Umepokea maji ya Mto Nairobi, ya viwanda, ya mitaa isiyo na mabomba ya maji taka, na yale yanayotoka kwenye mabwawa ya kusafishia ya Dandora huko Ruai. Mto unaotiririka hujisafisha kidogo kila unapopiga mawe. Bwawa husimamisha maji, na vilivyomo hutuama. Wataalamu wamelisema hili kwa miaka, hata wafadhili wakaeleza wasiwasi wao kuhusu madini mazito. Hakuna mtambo wa kusafisha maji Makueni utakaofanya kwa bei nafuu kazi ambayo Nairobi haikuifanya juu.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ilikusudia mambo kama haya. Inazungumza juu ya mabonde na kamati zake, na vyama vya watumiaji wa maji vinavyofuata mto badala ya mpaka wa kaunti. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Lakini fedha na kura zinafuata kaunti. Kitui, Makueni na Machakos wana jumuiya yao ya kiuchumi, na hilo ni jema, ila Nairobi, Kiambu na Murang'a hawamo ndani yake, na hao ndio wenye mkono kwenye mfereji wa juu. Mama wa Matinyani anachimba mchanga katika bonde la Tana, wakati maji ya bonde hilo yamevushwa kwenda Nairobi, na mchanga wa Ukambani umefuata njia hiyo hiyo kwa lori. Kinachorudi ni kile nilichokiona darajani. Mpango wowote wa maji usiomweka mama huyo na mzee wa Mavindini mezani pamoja na jiji, siku moja, mbele ya ramani moja, haujakamilika, hata ukiwa na saruji nyingi namna gani.

Kwa hiyo naomba mawili. Kabla mfereji wa kwanza wa Thwake haujafunguliwa, maji yapimwe na watu wasiohusika na ujenzi, na majibu yabandikwe kwa Kikamba na Kiswahili katika masoko ya Mavindini, Kathonzweni na Wote, tena kila mwezi baada ya hapo. Na wewe msomaji uliye Nairobi, ambaye unafungua mfereji wako asubuhi na maji ya Tana yanatoka, muulize mwakilishi wa wadi yako maji machafu ya mtaa wenu yanaishia wapi, wala usikubali jibu linaloishia ukingoni mwa jiji.